“Charge”: Neno Unalotumia Kila Siku Ambalo Linaweza Kukula Shamba

Simu ikifika 3% unauliza, “Nani ako na charger?” Kwa hivyo unadhani unalijua neno “charge”. Pole msee, hiyo ni maana moja tu. Kuna ingine karibu ituache bila shamba.

Anko wangu alikuwa anatafuta doo ya kununua pikipiki mbili za boda. Akaletewa makaratasi ya Kizungu. Pale pameandikwa “charge” akadhani ni zile pesa kidogo za huduma, kama za kutoa M-Pesa. Akaweka sahihi. Kumbe ameweka title deed ya shamba kama dhamana.

Sasa chanuka. Neno hili lilitoka kwa Kifaransa cha zamani, na mzizi wake ni jina la Kilatini la mkokoteni. Maana ya kwanza ilikuwa kupakia mzigo. Ukishika hiyo, maana nyingi zinajipanga zenyewe:

Simu: Unaipakia moto.

Duka: Unapakiwa bei. Ukiulizwa “how much do they charge?” ni pesa ngapi.

Karao: Unapakiwa kosa. Lakini kushikwa si kushtakiwa! Katiba, Kifungu cha 49, inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ama siku ya korti inayofuata kama muda umeishia wakati korti imefungwa.

Kazi: “In charge” ni mtu amebebeshwa jukumu. Ndio maana nesi mkubwa wa zahanati anaitwa “in-charge”.

Ndovu: Ukisikia “it's charging”, inakujia mbio. Kimbia kwanza, sarufi baadaye.

Shamba: Hapa ndipo anko alichomeka. Kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, “charge” ni deni kupakiwa juu ya ardhi yako. Usipolipa, aliyekukopesha anaweza kukupea notisi, na mwishowe auze. Na kama hapo ndipo nyumba ya familia iko, bibi ama bwana lazima akubali.

Liko na ndugu pia. “Cargo” ni mzigo wenyewe, “overcharge” ni kupigwa bei, na “discharge” ni kushushwa mzigo. Mgonjwa akipewa “discharge” hospitali, anaenda home.

Anko alikosa kulipa miezi kadhaa, notisi ikaingia. Familia yote ilichanga hadi deni likaisha. Akafurahi, akalala. Mwaka uliofuata alifanya search ya hiyo title, na ile “charge” bado imekaa hapo! Hakuna mtu alikuwa amemwambia kuwa ukimaliza deni unadai “discharge”, halafu inasajiliwa kwa ofisi ya ardhi.

So ukiona hilo neno kwa karatasi yoyote, kabla ya kuweka sahihi uliza swali moja: hapa nani anabebeshwa nini? Na mwambie mathe na buda pia. Hao ndio wako na title.