Mafiga Matatu ya Mji

Wazee wetu walisema: figa moja haliinjiki chungu. Neno hilo ni la jikoni, lakini hata mji wahitaji mafiga yake. Chungu cha mji ni maisha ya watu wake: kazi yao, chakula chao, malezi ya watoto wao. Chungu hicho hukaa juu ya mafiga matatu, nayo ni utawala wa haki, usalama na shule. Likiondolewa moja, chungu hupinduka, na chakula cha wote humwagika majivuni.

Leo twataka kuyatazama mafiga hayo katika mahali tunapopajua, yaani Bulengera. Bulengera ni mojawapo ya komini nne za mji wa Butembo, pamoja na Kimemi, Mususa na Vulamba, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Msomaji wa Bunia, wa Kasese au wa Tabora atauliza, «Mambo ya Butembo yanihusu nini?» Twamjibu kwamba kila mji wa Afrika wapika kwa mafiga hayo hayo, na ajali ya jirani ni fundisho kwa mwenye busara.

MJI ULIOJENGWA NA WENYEJI

Kinshasa iko mbali na Butembo, zaidi ya kilometa 1,500, na njia za kufika huko kwa gari ni kama hazipo. Kwa hiyo watu wa Butembo walizoea tangu zamani kujitegemea. Wafanyabiashara wake walipeleka kahawa na mazao ya mashamba nje, wakaleta vitu vya madukani kutoka Mombasa kwa njia ya Kasindi, na baadaye hata kutoka Dubai na Uchina. Akina mama waliweka akiba zao pamoja kwa likelemba, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Barabara ilipoharibika, watu walichukua majembe wakafanya salongo.

Mapadre wa Asunsioni walifika katika nchi hii mwaka 1929, wakafungua misioni na shule. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi tangu 1966 mpaka 1997, aliwahimiza watu kujenga barabara na shule bila kungoja msaada wa mbali. Katika siku zake, mwaka 1989, ilianzishwa Universite Katolika ya Graben mjini Butembo. Fikirini jambo hilo: mwaka ule serikali ya Zaire ilikuwa imedhoofika, na kwa vijana wengi kusomea uganga au sheria kulikuwa ni kwenda Kinshasa, Kisangani au Lubumbashi. Wenyeji walithubutu kuanza, na leo waganga na mawakili wengi wa nchi hii wametoka katika madarasa yale.

Ni sifa njema, nasi twajivunia. Lakini sifa hii ina hatari yake. Mtu aliyezoea kujifanyia kila kitu aweza kusahau kudai haki yake. Na mtawala akiona watu wanajifanyia kila kitu, aweza kusahau wajibu wake. Kujitegemea ni tunu, wala si ruhusa ya serikali kulala.

FIGA LA KWANZA: UTAWALA WA HAKI

Mtawala ni mlinzi wa mali ya wote. Hupewa kodi ili airudishe kwa watu katika sura ya barabara, maji, hukumu za haki na mishahara ya watumishi. Mama anayeuza maharagwe sokoni hutoa kodi yake. Dereva wa lori hutoa yake mpakani Kasindi na tena vizuizini. Wote wawili wana haki ya kuuliza fedha hizo zimekwenda wapi. Swali hilo si uasi. Ni swali la mwenye shamba kwa mtunza ghala.

Katika miaka ya karibuni swali hilo limekuwa zito. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne tu kabla ya uchaguzi mkuu, ilitangazwa kwamba watu wa Beni na Butembo hawatapiga kura siku ile kwa sababu ya ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama; uchaguzi wao uliahirishwa hadi Machi 2019. Lakini Rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari 2019. Basi kura ya Machi ikawa ya wabunge tu. Huko Beni, tarehe 30 Desemba, watu walipanga mstari wakafanya uchaguzi wao wenyewe kwa masanduku yao, wakijua kwamba kura zile hazitahesabiwa. Walinawa mikono kwanza, kisha wakapiga kura, wakitaka kuonyesha kwamba ugonjwa haukuwazuia. Mtu asiyeipenda nchi yake hasimami juani kwa ajili ya kura isiyohesabiwa.

Tangu tarehe 6 Mei 2021 serikali iliweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi. Maofisa wa jeshi na wa polisi walichukua nafasi za wakuu wa raia. Mwanzoni ilisemwa ni kwa siku 30. Halafu muda uliongezwa kwa wiki mbili mbili, mara nyingi kupita hesabu ya vidole, na hata Oktoba 2023, Rais alipotangaza kuulegeza kidogo kidogo, haukufutwa. Yafaa kusema kwa haki: askari wengi wamekufa wakiwalinda watu. Lakini dawa kali hupimwa kwa matokeo yake, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza mganga kama homa imeshuka.

FIGA LA PILI: USALAMA

Homa haijashuka. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika nchi ya Beni yameleta vilio vijiji kwa vijiji, na wengi wa wauaji ni wa kundi la ADF lililotoka Uganda. Kabla ya hapo, tarehe 19 Oktoba 2012, mapadre watatu walitekwa katika parokia ya Mbau, wala hawakurudi. Oktoba 2022 watu wenye silaha waliichoma hospitali ya misioni huko Maboya, kaskazini ya Butembo, na sista mmoja, mganga, akafa humo. Tangu mwisho wa Novemba 2021 majeshi ya Kongo na Uganda yamepigana bega kwa bega dhidi ya kundi hilo. Lakini wauaji wakifukuzwa upande mmoja hujitokeza upande mwingine. Septemba 2025 walifika Ntoyo, katika wilaya ya Lubero, wakawaua watu zaidi ya 60, wengi wao wakiwa matangani, wakimlilia marehemu.

Tena, kusini ya Lubero kuna vita vingine. Mwisho wa Juni 2024 waasi wa M23 waliuteka mji mdogo wa Kanyabayonga, na Januari 2025 waliingia Goma. Kila mara watu walikimbilia kaskazini, wengine mpaka Butembo, wakiwa na watoto mgongoni na magodoro kichwani.

Magereza nayo yamevunjwa. Huko Beni, Oktoba 2020, wafungwa zaidi ya 1,300 walitoroka kwa usiku mmoja. Na hapa Butembo, Agosti 2022, zaidi ya 800 walitoka katika gereza la Kakwangura. Gereza likivunjwa, hukumu zote zilizotolewa humalizika siku ile. Shahidi aliyethubutu kusema mbele ya hakimu hulala na hofu, na jirani yake husema moyoni: «Kumbe kushitaki hakufai.» Ndipo watu huanza kujitwalia hukumu barabarani kwa mawe na moto, na mara nyingi anayekufa ni mtu asiye na hatia, mgeni tu aliyeuliza njia.

Ukosefu wa usalama hufika hata jikoni mwa mtu aliye mbali na risasi. Mkulima akiogopa kwenda shambani, maharagwe na mihogo havifiki sokoni. Visipofika, bei hupanda. Bei ikipanda, baba hukosa fedha ya kalamu na ya sare. Hivyo risasi iliyopigwa porini humwondoa mtoto darasani Bulengera.

FIGA LA TATU: SHULE

Historia ya shule zetu ni historia ya mzigo uliohamishwa kutoka kichwa hiki hadi kichwa hiki. Desemba 1974 serikali ya Mobutu ilizitwaa shule za misioni. Miaka miwili haikupita ikaonekana kwamba mzigo umeishinda, na tarehe 26 Februari 1977 ulifanywa mkataba wa kuyarudishia madhehebu usimamizi, huku serikali ikibaki na wajibu wa kulipa walimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ilikoma au ikawa si kitu. Wazazi wakakubali kumlipa mwalimu wao wenyewe ili shule zisifungwe. Ilisemwa ni kwa muda mfupi; ikawa karibu miaka 30.

Katiba ya mwaka 2006, katika fungu la 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima tena bila malipo. Agizo hilo lilianza kutendwa Septemba 2019. Siku zile tuliona watoto wa yatima na wa maskini wakiingia darasani kwa mara ya kwanza, wengine wakiwa wakubwa kuliko wenzao kwa miaka mitatu. Furaha ile ilikuwa ya haki.

Lakini mlango ukifunguliwa, yapasa nyumba ipanuliwe. Watoto walibanana watatu wanne katika dawati moja. Walimu wengi, wanaoitwa «wapya», hawakuwa katika orodha ya mishahara, na mchango wa wazazi uliowalisha ulikuwa umekatazwa. Oktoba 2021 walimu wa shule za Kikatoliki katika nchi walianza mwaka wa masomo kwa mgomo. Mwalimu mwenye njaa hufundisha kwa midomo tu. Moyo wake uko nyumbani, wauliza watoto watakula nini. Shule ya bure haimaanishi kwamba hakuna anayelipa. Maana yake ni kwamba hulipa wote, kwa njia ya kodi. Hapo ndipo figa la tatu linapoegemea la kwanza.

KUNI ZA JIKO

Mafiga matatu pasipo kuni hayaivishi kitu. Kuni ni maadili ya watu, na katika nchi hii ukuni unaopungua zaidi ni kuaminiana. Tulijifunza jambo hilo kwa uchungu wakati wa Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ukakoma tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na waliokufa 2,287. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300,000 waliipata. Hata hivyo Februari 2019 vituo vya kutibia vya Katwa na Butembo vilichomwa, na Aprili mganga mmoja kutoka Kameruni aliyekuja kutusaidia aliuawa hapa mjini.

Kwa nini? Watu waliokuwa wameachwa miaka mingi bila ulinzi waliona magari mengi yakija ghafla kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakauliza: «Tulipochinjwa, mlikuwa wapi?» Swali lilikuwa la kweli. Lakini jibu la moto halikuwa la kweli, kwani liliwaua wenyeji kuliko wageni. Mwenye kinyongo cha haki naye aweza kudanganywa na mwongo.

Kwa roho hiyo hiyo twataka kunena juu ya siku za kufunga mji. Watu wakikasirikia mauaji, maduka hufungwa na watoto huambiwa wabaki nyumbani. Twajua uchungu wao. Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walikaa siku kadhaa na kulala katika uwanja wa ofisi ya meya, wakitaka Rais aje aone wanavyouawa, mpaka polisi walipowatawanya. Ni nani atakayewalaumu watoto kwa kuomba kuishi? Mwezi wa Juni mwaka ule Rais alifika. Lakini twasema wazi: soko lifungwe ikibidi, shule isifungwe. Duka lililofungwa Jumatatu hufunguliwa Jumanne na sabuni ni ile ile. Somo lililopotea halirudi, na kijana aliyezoea kukaa bila masomo ndiye atafutwaye kwanza na wenye bunduki.

TUFANYE NINI?

Wazazi, hudhurieni mkutano wa komite ya shule, hata kama hamna deni wala lawama. Ombeni hesabu isomwe kwa sauti, na ibandikwe ukutani. Mzazi asiyejua kusoma amlete mwanawe amsomee.

Walimu, msimtoze mtoto kwa siri kile ambacho sheria imekataza. Daini mshahara wenu kwa aliyewaajiri, kwa umoja na kwa maandishi.

Vijana, mwenye habari ya hatari aipeleke kwa mkuu wa mtaa, wala asiipeleke kwa kundi lenye mawe. Kabla ya kueneza neno kwa simu, ulizeni: nani aliyeona? Lini? Wapi? Neno lisilo na majibu hayo lifie mkononi mwenu.

Nanyi wakuu, kutoka komini mpaka Kinshasa: watu waliojenga barabara kwa majembe yao hawaombi sadaka. Wanaomba lile lisiloweza kufanywa kwa salongo. Raia hawezi kulinda mpaka, hawezi kujipa hukumu, wala hawezi kulipa mwalimu mara mbili, kwa kodi na tena kwa mfuko wake. Hilo ni lenu. Wekeni figa lenu mahali pake. Chungu tunacho, na watoto wana njaa.