Wimbo Mmoja, Kazi Moja

Kampeni ya afya ikikaribia kuzinduliwa, hakosi mtu kikaoni wa kusema: "Tutafute msanii atutungie wimbo." Wazo ni zuri. Tatizo huanza pale kikao kinapoorodhesha yatakayoimbwa: dalili, kinga, tiba, namba ya simu, jina la wizara, jina la mfadhili. Msanii, hata awe hodari namna gani, akishayabana yote hayo ndani ya dakika tatu, msikilizaji huondoka na mdundo tu.

Muziki unaweza kuusaidia ujumbe kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina utunzi wake. Kabla ya kumwita mtunzi, mwenye kampeni aamue anataka ipi.

Njia ya kwanza ni kukumbusha tendo. Kiitikio hurudiwa mara nyingi, na vina na mdundo huyashikilia maneno mahali pake. Anayekiimba akiwa jikoni au ndani ya daladala hujikumbusha mwenyewe bila kusimamiwa na mtu. Mapema mwaka 2020, wakati wa korona, taasisi ya afya kazini na mazingira ya Vietnam ilishirikiana na mtunzi Khắc Hưng, ambaye alichukua wimbo wake "Ghen" uliokuwa umevuma tangu 2017 na kuuandikia maneno mapya: nawa mikono, usijishike uso, epuka mikusanyiko. Kwa kuwa watu waliujua wimbo tayari, kilichobaki kwao kujifunza ni maneno tu. Kisha mcheza dansi Quang Đăng akabuni mitindo inayofuata namna ya kunawa mikono, na vijana wakaisambaza kupitia TikTok. Kila aliyecheza alikuwa anafanya mazoezi ya kunawa, ajue asijue.

Wakati mwingine hata maneno hayahitajiki, kwa sababu mapigo yenyewe ndiyo somo. Mtu ambaye moyo wake umesimama husaidiwa kwa kumkandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kasi ambayo asiyezoea hushindwa kuikadiria akiwa katika taharuki. Ndiyo maana wakufunzi wa huduma ya kwanza Marekani na Uingereza wameutumia "Stayin' Alive" wa Bee Gees, wimbo wa 1977 ambao mapigo yake ni kama 103 kwa dakika. Mwanafunzi huuimba kimoyomoyo, na mikono ikaufuata.

Njia ya pili ni kuvunja ukimya, na hapa Afrika ina historia nzito. Mwaka 1987 Franco Luambo Makiadi alitoa "Attention na SIDA", onyo refu kuhusu Ukimwi kutoka kwa mwanamuziki aliyesikilizwa kote Kongo na nje yake. Mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza hadharani kwamba ameathirika, akaimba "Alone and Frightened", akazunguka shuleni na makanisani kuzungumza na watu hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Wimbo wa Lutaaya haukuwa wa kufundisha hatua za kujikinga. Uliupa ugonjwa sura ya mtu anayefahamika na kupendwa, na hivyo watu wakapata pa kuanzia kuzungumza. Ukiuongezea orodha ya dalili, unauharibu.

Wimbo wa namna hii huja na gharama yake. Remmy Ongala alipoimba "Mambo kwa Soksi", akiitaja kondomu kwa jina la mtaani, Redio Tanzania ilikataa kuupiga, ilhali kwenye kumbi za dansi watu waliupokea. Taasisi inayotaka lugha ya mtaani lazima ijue mapema nani atakayeiruhusu ipite hewani, na pa kuupeleka wimbo mlango huo ukifungwa.

Ziko pia kampeni zinazotegemea hofu, na hizo zinahitaji uangalifu zaidi. Wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi mwaka 2014, "Ebola in Town" ulitamba Liberia, ukazaa mtindo wa kucheza bila kugusana. Ulieleza vyema cha kuogopa, lakini mwenye mgonjwa ndani hakupata humo la kufanya. Baadaye mwaka huo Tiken Jah Fakoly, Salif Keita, Oumou Sangaré na wenzao walitoa "Africa Stop Ebola", kwa Kifaransa na lugha kadhaa za Afrika, wakiwahimiza watu wawaamini madaktari. Hofu isiyoelekezwa huwafanya watu wafiche wagonjwa. Ikielekezwa, huwafikisha kituoni.

Na wakifika, wakute huduma. Tanzania ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi kusikiliza redio. Pamoja na matangazo kulikuwa na vitabu na viongozi wa vikundi, na baada ya mjadala watu walitoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wimbo unaomhimiza mama kwenda kliniki iliyofungwa humfundisha jambo moja tu: asiamini wimbo unaofuata.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye kampeni ni huu. Chagua kazi moja. Kama ni tendo, liweke kwenye kiitikio, kwa maana wengi huingia katikati ya wimbo na kutoka kabla haujaisha. Kama ni kuvunja ukimya, tafuta sauti inayoaminika kuhusu jambo hilo, hata kama si msanii anayetamba kwa sasa. Jina la mfadhili likae kwenye tangazo linalofuata.

Kisha, kabla ya kulipia video, wapigie watu ishirini wa rika unalolilenga rekodi ya majaribio, mara moja tu. Subiri hadi kesho yake, uwaulize wimbo uliwaambia wafanye nini. Wakikutajia jina la msanii na la wizara bila kulitaja tendo, rudi studio.