Je, Wajua? Sundali, Kitafunwa cha Usiku Tisa

Je, wajua kwamba anayepika sundali haonji chumvi? Kitafunwa hiki cha Watamili wa kusini mwa India ni mikunde iliyochemshwa, ikakaangiwa viungo vichache na kunyunyiziwa nazi iliyokunwa. Hupikwa jioni za sikukuu ya Navaratri, na sahani ya kwanza si ya binadamu. Huwekwa mbele ya mungu wa kike, na chakula kilichokwisha kuguswa na ulimi wa mtu hakifai kutolewa sadaka. Basi mpishi hupima chumvi kwa kiganja, husikia harufu, huminya punje moja kati ya vidole kujua kama imeiva. Kwangu mimi huo ndio ufundi wa kweli wa jikoni, na haupatikani ila kwa kusimama karibu na anayeujua.

Navaratri ni usiku tisa, kati ya Septemba na Oktoba, pamoja na siku ya kumi ya kufungia. Afrika Mashariki tumezoea kuiona kwa sura ya garba, watu wakicheza kwa duara na kupiga makofi, kwa kuwa Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi asili yao ni Gujarat. UNESCO iliiandikisha garba hiyo katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2023. Ukishuka Tamil Nadu, sikukuu ni ileile, lakini kinachowavuta watu majumbani ni wanasesere.

Wanasesere hao hupangwa kwenye ngazi zilizofunikwa kitambaa, na idadi ya ngazi ni witiri: tatu, tano, saba au tisa. Mpango huo huitwa golu. Juu hukaa miungu, chini yao watakatifu, na chini kabisa walimwengu: harusi, soko, shule, hata timu ya kriketi. Kuna mmoja anayependwa sana na watoto, muuza duka mnene aliyeketi na mkewe. Mbele yao mwenye nyumba humwaga vifungu vidogo vya mchele na dengu za kweli, ziwe bidhaa zao. Kuna pia jozi ya mume na mke iliyochongwa kwa mti mwekundu, ambayo kwa desturi binti hupewa na wazazi wake anapoolewa, ili aanzishe golu ya nyumba yake.

Jioni, wanawake na watoto hutembeleana. Mgeni huombwa aimbe kidogo mbele ya wanasesere, na haondoki mikono mitupu: hupewa tambuu na popoo, manjano, nazi, na sundali yake. Msomaji wa Lamu au Unguja atavitambua vitu hivyo bila kuelezwa. Hapa ndipo unapoona kwa nini mikunde ilichaguliwa. Ni chakula cha bei nafuu, kikombe kikavu hufura kikawa zaidi ya viwili, na kwa hiyo hata nyumba yenye kipato kidogo inaweza kuwalisha majirani wote waliobisha hodi.

Je, wajua kwamba dengu nene ni za Alhamisi? Katika mapokeo ya Kihindu kuna magimba tisa ya angani yanayoaminiwa kutawala maisha ya watu, na kila moja lina mbegu yake. Choroko ni za Utaridi, yaani Jumatano. Mbaazi ni za Mirihi, siku ya Jumanne. Fiwi huenda na Zuhura, Ijumaa. Dengu nene ni za Mshtarii, na Alhamisi katika mahekalu ya Tamil Nadu utaona waumini wakileta shada za dengu zilizolowekwa, zimetungwa kwenye uzi kama shanga, ili avishwe Guru, yaani Mshtarii mwenyewe. Familia zinazofuata mpango huu hupika sundali ya kila jioni kwa kuangalia siku. Nyingine hufungua kabati na kupika kilichopo.

Lakini habari inayonigusa kuliko zote ni ya kunde. Je, wajua kwamba mbegu hii, inayotolewa sadaka Chennai na Madurai, ni ya Afrika? Mabaki yake ya kale yamefukuliwa katika makazi ya watu wa utamaduni wa Kintampo, huko Ghana, yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Haikuchelewa kuvuka. India nayo ilikuwa na kunde zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, pamoja na mazao mengine ya Afrika: mtama, uwele na ulezi. Fiwi nazo, ndugu zao wa mwituni bado wanaota Afrika Mashariki. Miaka mingi kabla ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498, mbegu za bara letu zilikwisha kuzoeleka katika mashamba ya kule hadi zikapewa nafasi mbele ya miungu. Watamili hupika kunde kwa namna mbili: za chumvi, na za sukari guru na iliki. Asiyewahi kula kunde tamu atashangaa, na nadhani atarudia.

Pilipili kavu inayotiwa katika sundali, kinyume chake, ni mgeni wa juzi. Ilitoka Amerika na kufika kwa meli za Wareno. Kabla yake ukali wa chakula cha kusini mwa India ulitokana na pilipili manga ya pwani yao wenyewe. Karanga, ambazo nazo huwa sundali, ni za Amerika Kusini.

Mbaazi zilisafiri upande wa pili. Asili yake ni India, zikaja kwetu, na leo wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara huzilima wakilitazama soko la India. Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 za mbaazi kutoka nje kwa mwaka, na bei ikaanguka kwa wakulima wa Tanzania, Malawi na Msumbiji. Uamuzi wa New Delhi ulifika hadi kwenye ghala la mkulima wa Babati. Tunapozungumza juu ya chakula cha watu wa mbali, tusisahau kwamba wengine kati yetu ndio wanaokilima.

Je, wajua kinachochukua nafasi ya kitunguu? Chakula cha sadaka hakitiwi kitunguu maji wala kitunguu saumu. Hutiwa mvuje, uleule ambao wazee wa pwani yetu huutumia kumkinga mtoto mchanga na jicho baya kwa harufu yake kali. Mvuje ni utomvu wa mizizi ya mmea unaoota hasa Iran na Afghanistan. Ukiwa mbichi unanuka hadi majirani wafunge madirisha, lakini chembe moja ikigusa mafuta ya moto, salfa iliyomo hugeuka harufu inayofanana sana na ya kitunguu kilichokaangwa. Wahindi, watumiaji wakubwa kabisa wa mvuje duniani, kwa karne nyingi waliununua kutoka nje. Oktoba 2020 wanasayansi wao walipanda miche katika bonde la Lahaul, milimani Himachal Pradesh, wakianza kujaribu kuulima nyumbani.

Atakayetaka kupika, achukue kikombe kimoja cha dengu nene kavu na kuziloweka usiku kucha. Maji ya kulowekea yamwagwe, kwa sababu sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni imeyeyukia humo. Chemsha katika maji mapya mpaka punje ikiminywa ipondeke, lakini ikiachwa ibaki nzima. Kama dengu zinagoma kuiva, tazama maji: ya kisima chenye chokaa nyingi huzifanya ngumu, kwani kalsiamu hushikamana na gundi ya asili iliyo katika kuta za seli na kuikaza. Choroko hazitaki muda huo wote. Saa chache za kuloweka zinatosha, na zikipitiliza kidogo tu motoni zinakuwa uji.

Chuja. Pasha vijiko viwili vya mafuta ya nazi au ya ufuta, tia kijiko kidogo cha haradali nyeusi, na usubiri. Unyevu ndani ya kila punje hugeuka mvuke na kuipasua. Mlio huo ndio ishara, na haradali isiyopasuka huacha uchungu mdomoni. Fuatisha pilipili kavu mbili, majani mabichi ya mchuzi na chembe ya mvuje. Mimina dengu, tia chumvi, geuza dakika mbili, zima moto. Ndipo uweke nazi iliyotoka kwenye mbuzi, kiganja kizima, na tone la ndimu. Nazi haipikwi, ibaki nyeupe na laini, na kwa sababu hiyo sundali huliwa jioni hiyohiyo, ikilala inachacha.

Siku ya tisa ya Navaratri vitabu vya watoto huwekwa mbele ya Saraswati, mungu wa elimu, na hakuna anayesoma. Vyombo vya kazi navyo hupumzishwa na kuheshimiwa: cherehani, nyundo, mabasi yakavishwa maua.

Na si lazima kungoja sikukuu. Katika ufuo wa Marina, Chennai, wachuuzi huuza sundali mwaka mzima, ikiwa imefungwa kwenye karatasi na bado ina moto. Ya kwao hutumia njegere kavu, zikachanganywa na nazi na vipande vya embe bichi. India hununua njegere kavu kwa wingi kutoka Kanada, kwa hiyo muuza sundali wa Marina anaweza kabisa kuwa anamuuzia mteja wake mbegu iliyovuka bahari ya Pasifiki, ikatiwa haradali na majani ya mchuzi, ikawa ya Kitamili.