Nyumba ya Ngoma Katika Nchi ya Jua

Askari aliyepata kulala chini ya bati huko Moroto au Lodwar hahitaji kuelezwa maana ya joto. Ifikapo saa nane za mchana bati huwa kikaango, na usiku uingiapo fukuto hubaki ndani. Hata hivyo, tunapofikiria kuwajengea wananchi wa nchi hizo kavu ukumbi wa ngoma na michezo, mara nyingi tunawazia sanduku lile lile la saruji na bati.

Hapa Mella, mpakani mwa Uganda na Kenya, jambo hilo laweza kuonekana la mbali, kwa kuwa mvua yetu si haba. Lakini Mteso wa Mella ana ndugu jangwani. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mpaka, na Wateso wakajikuta wamegawanyika pande mbili. Hao ni wa ukoo mmoja wa Ateker pamoja na Wakaramojong na Waturkana. Ndugu hao hukutana Lodwar katika tamasha la Tobong'u Lore, yaani rudini nyumbani.

Kuna sababu nzito ya kulijadili jambo hili na askari. Mwezi Julai 2021, majeshi ya usalama ya Uganda yalianza huko Karamoja operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote, ya kukusanya bunduki zilizomo mikononi mwa raia. Lakini kijana aliyezoea kusifiwa kwa bunduki yampasa apate uwanja wa kusifiwa kwa jambo jingine: kwa wimbo wa fahali wake, au kwa mruko wake katika edonga. Uwanja huo ukikosa watu kwa sababu ya joto na vumbi, tutakuwa tumemnyang'anya kimoja bila kumpa kingine.

Basi, ujengwe vipi? Kwanza tuisikilize ngoma yenyewe. Edonga huchezwa kwa duara, watu wakiruka juu, na mguu hutaka udongo, wala si sakafu ya saruji. Uwanja huo hauhitaji paa. Akogo ya Wateso, kwa upande wake, ina sauti ya upole ambayo hupotea uwandani. Hiyo yahitaji chumba chenye kuta karibu. Kwa hiyo kituo kimoja kiwe na sehemu mbili: duara la wazi la udongo uliopigwa, na ukumbi mdogo wa kuta nene kando yake.

Pili, tutazame upepo na jua. Huko Turkana upepo mkali huvuma zaidi kutoka mashariki. Jukwaa likiwekwa upande huo, upepo hubeba sauti kuwapelekea wasikilizaji, nao huketi wakiwa wamelipa kisogo jua la machweo. Nyuma ya jukwaa ujengwe ukuta wa mawe wa kuzuia vumbi, na upande wa magharibi ipandwe migunga ili wachezaji wasipigwe na jua machoni. Tena pasichaguliwe kamwe bonde la korongo, hata likiwa tambarare na lenye kivuli. Mvua ya mbali yaweza kuleta mafuriko mahali ambapo mbingu ni nyeupe.

Tatu, kuta ziwe za mawe au matofali mazito ya udongo, ambayo huchelewesha joto lisiingie ndani mchana. Hili si jambo geni. Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor katika miaka ya 1940, pamoja na jumba la michezo la matofali ya udongo. Karibu zaidi nasi, kando ya Ziwa Turkana, msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso alibuni chuo cha Startup Lions kilichokamilika mwaka 2021. Hicho ni chuo cha kompyuta, lakini somo lake latufaa. Minara yake mirefu hutoa hewa ya moto juu na kuvuta ya baridi kupitia matundu ya chini, kwa mfano wa kichuguu cha mchwa.

Mwisho, nayo ndiyo kazi ya kwanza, wazee na vijana waulizwe kabla ya ramani kuchorwa. Wao ndio wajuao saa ambayo mifugo hurudi, mti ambao watu huketi chini yake, na njia wapitayo wanawake kuchota maji. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukumbi uliojengwa kwa ushauri wao utawavuta jioni, na askari wa zamu atakayesimama pale langoni atajikuta, badala ya kulinda jengo tupu, analinda umati wa majirani wanaoimba.