Maneno na Asili Yake (4): Kupinga au Kushuhudia?

Siku hizi kitenzi cha Kiingereza "protest" tunakifahamu kwa maana ya kupinga. Wanafunzi wakigoma, wafanyakazi wakiingia barabarani na mabango, Kiingereza kina neno hilo tayari. Lakini anayeishika maana hiyo peke yake atateleza, hasa katika habari za mahakamani. Gazeti likiandika kwamba mshtakiwa "protested his innocence", msomaji wa haraka ataona kama kwamba mtu huyo amekana kuwa hana hatia. Maana ni kinyume kabisa: ameshikilia kwa nguvu zake zote kwamba hana hatia.

Tuanzie kwenye Kilatini. "Protestari" ni "pro", yaani mbele au hadharani, likaungana na "testari", kushuhudia. Na hilo nalo latokana na "testis", shahidi. Neno lilipitia Kifaransa, na katika karne ya 15 Waingereza walikuwa wakilitumia kwa maana ya kutamka jambo kwa uzito, karibu na kiapo. Katika tamthilia ya Hamlet, Shakespeare amempa malkia neno hilo amseme mwanamke anayeapa kupita kiasi kwamba hataolewa tena. Wengi wanaomnukuu leo hudhani anamsema mtu anayekana mno.

Maana hiyo ya kale ingali hai bandarini. Meli ikipigwa na dhoruba na shehena ikaroa, nahodha akishatia nanga huenda kwa wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha hati. Huko hueleza yaliyowapata: siku gani, upepo wa namna gani, mawimbi yaliingiaje, mabaharia walifanya nini. Tamko hilo kwa Kiingereza huitwa "protest". Nahodha hakumpinga mtu yeyote. Ameweka ushahidi wake mapema, kabla wenye mali na kampuni za bima hawajaanza kuvutana juu ya nani alipe.

Upinzani uliingia kwa mlango wa sheria. Aliyeshindwa barazani aliweza kutamka rasmi, likaandikwa, kwamba hakubali kufungwa na uamuzi ule. Tamko lililovuma kuliko yote lilitolewa Speyer, Ujerumani, tarehe 19 Aprili 1529. Mwaka 1526 baraza la dola lililokutana mji huo huo liliwaachia watawala nafasi ya kufuata dhamiri zao katika mambo ya dini. Sasa walio wengi wakaifuta ruhusa hiyo. Wakuu kadhaa waliomfuata Martin Luther, pamoja na miji 14, wakakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba habari za Mungu na wokovu haziamuliwi kwa wingi wa kura, kwa kuwa kila mtu atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Luther hakuwepo. Hapo ndipo lilipotoka jina la Waprotestanti, ambalo nasi tunalo katika Kiswahili. Naamini tunawapunja watu wale tukiwaita wapingaji tu, maana walichokifanya siku ile ni kusimama na kushuhudia imani yao wakijua hatari yake.

Kadiri karne zilivyopita, kupinga kukaja juu na kushuhudia kukarudi nyuma. Wamarekani wamefika mbali zaidi: wao husema mtu "ame-protest vita", bila kihusishi chochote, ambapo Mwingereza angeongeza "against".

Juma lijalo tutalitazama "contest", uzao mwingine wa "testis", ambalo Warumi walilitumia pale pande mbili zilipowaita mashahidi ili kesi ianze.