Bega likiuma baada ya chanjo, andika tarehe

Mama anachanjwa mafua huko Marekani, kesho yake bega linagoma hata kumbeba mtoto. Mara nyingi kosa si la dawa: sindano imechomwa juu mno, ikagusa kiungo badala ya msuli.

Nchini humo upo mfuko wa fidia tangu 1988, unaotokana na kodi ya senti 75 kwa kila ugonjwa unaokingwa na dozi. Jeraha hili la bega liliingia kwenye orodha yake 2017. Maumivu yawe yameanza ndani ya saa 48 na, kwa kawaida, yadumu zaidi ya miezi sita. Dai lifunguliwe ndani ya miaka mitatu tangu yaanze.

Wanaokwama ni wavumilivu. Anajichua nyumbani, anakwenda hospitali mwezi wa nne, na faili halisemi bega lilianza lini. Mawakili wa serikali hushika hapo hapo.

Ada ya wakili isimtishe mtu. Mfuko huilipa hata dai likishindwa, mradi lilikuwa la nia njema na lenye msingi. Chanjo ya UVIKO-19 ina mfuko wake, na huko muda ni mwaka mmoja tu tangu siku ya kuchanjwa.