Kompyuta Inapolemewa Wakati wa Kupakua Faili

Wakati wa mazoezi ya kufundisha huko Ihanda, mkoani Songwe, mwanachuo mmoja alitujia na shida. Alikuwa akipakua kitabu cha Hisabati kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Feni ya kompyuta ikavuma, maandishi yakachelewa kutokea, na betri ikaisha kabla kitabu hakijafika. Kesho yake aliingia darasani mikono mitupu. Wenzake walimshauri atafute kompyuta nyingine, sisi hatukuafiki.

Yafaa kwanza kufahamu kwamba kupakua faili ni kazi nyepesi kwa prosesa. Faili la megabaiti 20, likija kwa kasi ya kilobaiti 200 kwa sekunde, huchukua kama sekunde 100, ilhali prosesa hutenda hatua zaidi ya bilioni moja kwa kila sekunde. Muda mwingi hungoja tu. Ikilemewa, basi, hapana budi ipo kazi nyingine inayoendelea kando.

Katika Windows tulibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka huonyesha kila programu na asilimia ya prosesa inayotumia. Ikiwa inayotumia zaidi ni programu ya kuzuia virusi, huenda inakagua faili linapoandikwa diskini, isizimwe, ivumiliwe. Ikiwa ni kivinjari, kazi bado. Katika Chrome, Shift na Esc hufungua orodha ya ndani, inayotenga kila ukurasa na kila programu ya nyongeza.

Hapa ndipo wengi, wakufunzi wakiwamo, huharibu uchunguzi. Hufunga kurasa zote, huondoa nyongeza zote, huzima na kuwasha kompyuta, kisha hufurahi kwamba imepona pasipo kujua kilichoiponya. Badili jambo moja tu, ngoja, soma asilimia, ndipo uendelee. Sisi tulianza kwa kufunga orodha ya faili zinazopakuliwa, kwani pengine ule mstari unaoonyesha maendeleo huchorwa upya mfululizo na kuichosha prosesa. Asilimia haikushuka. Tukafunga ukurasa wa habari ulioachwa wazi katika dirisha jingine, wenye matangazo ya video. Ikashuka papo hapo. Tukaufungua tena kwa makusudi, ikapanda. Tukaufunga, feni ikanyamaza, na kitabu kilipofika betri ilikuwa ingali na chaji ya kutosha mwanachuo kuandaa somo lake la sehemu.